Risala ya Klabu ya Umeme kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako ukaja kuwa nasi. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na betri mbili, globu ya tochi na vipande vya waya, na hapo ndipo tulipoona kwa macho yetu kwamba umeme hautembei mpaka upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Baadaye tulihamia kwenye umeme wa majumbani, ambao ni wa volti 230. Tulielewa kwa nini taa ya sebuleni ikiungua ya chumbani huendelea kuwaka, kwa kuwa zimeungwa sambamba, kila moja na njia yake, na kwa nini uniti za LUKU huisha upesi penye hita, kwani hita ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa. Leo, hata hivyo, tumeamua kuzungumzia waya mmoja tu, ule wa kijani na njano uitwao waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili fyuzi au breka ikate, kwa sababu ndio tuliokuta umedharauliwa kuliko nyaya zote.

Likizo iliyopita kila mwanachama aliombwa kuangalia hali ya kwao, kwa macho tu. Mwenzetu wa Chikongola alirudi na plagi ya pasi ya mama yake. Tulipoifungua mezani mbele ya mwalimu, waya wa kahawia, yaani waya wa moto, ulikuwa umefungwa vizuri kwenye fyuzi. Wa bluu, yaani nyutro, ulikuwa mahali pake. Wa kijani na njano ulikuwa umekatwa, ukakunjwa na kufichwa chini ya utepe mweusi. Fundi aliyeifunga alimwambia mama kwamba huo ni waya wa ziada. Wenzetu wengine walikuta soketi ambazo kijiti cha kiberiti kimesokomezwa kwenye tundu la juu, ambalo ni la ethi, ili matundu mawili ya chini yafunguke na kupokea plagi ya redio yenye miguu miwili. Inatusikitisha kidogo kuyaona haya katika mkoa ambao gesi yake ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo inayozalisha umeme.

Pasi ile ilikuwa ikinyoosha nguo vizuri tu, na ubaya wenyewe uko hapo: waya wa ethi ukikosekana, hakuna kinachozimika. Siku waya wa moto utakapochubuka ndani na kugusa bati la pasi, bati lote litakuwa na volti 230, na mama aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna jambo la ziada linalotuhusu sisi wa pwani. Nyumba zetu nyingi zimejengwa juu ya mchanga, na wakati wa kiangazi mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, huku chumvi ya bahari ikila viungio vya nondo ya shaba iliyofukiwa nje ya nyumba, ambayo waya wa ethi umeungwa nayo. Tulipiga hesabu: ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, ukifika omu 100, hitilafu kama ile ya pasi itapitisha ampea 2.3 tu, ilhali fyuzi ya plagi ni ya ampea 13 na breka ya soketi huwa ya ampea 32. Mkondo huo ni mdogo mno, hivyo hakuna kitakachokatika. Kwa hiyo nyumba ya huku inahitaji pia breka inayohisi umeme unaovuja, ambayo hukata mkondo ukivuja kwa miliampea 30, kabla mtu hajadhurika vibaya.

Mabweni yetu hayana breka za aina hiyo, na nondo ya ethi ya bweni la wasichana inatikisika ukiishika kwa mkono. Tunakuomba, Ndugu Mgeni Rasmi, utusaidie kupata breka hizo pamoja na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wa kuzifunga na kuifukia upya nondo hiyo kwa kina cha kutosha. Tunaomba pia kipimo cha ukinzani wa ardhi, ambacho tutakitumia, tukiwa na mwalimu wetu, kupima katika nyumba za wazazi watakaoturuhusu, kuanzia kwa mama wa Chikongola, ambaye plagi yake tumekwisha kuifunga upya kwa nyaya zote tatu.

Tunaomba kuwasilisha.