Sindano za dripu ya nyumbani tuzipeleke wapi?

Mhariri, mama yangu anawekewa dripu nyumbani hapa Nkuhungu, nesi anakuja, na kinachonitisha ni hili vumbi la Dodoma maana kiangazi upepo ukianza linaingia mpaka kabatini, basi tunafunga madirisha kwanza, tunanawa kwa sabuni, mdomo wa mpira wa dripu tunausugua na spiriti sekunde 15 afu tunauacha ukauke wenyewe, usipulize jamani! Dawa yake inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika nampigia nesi kabla haijatumika. Akitetemeka au homa ikifika 38 dripu inafungwa, hospitali mbio.

Ila sindano zilizotumika? Nimejaza dumu gumu, zahanati ya jirani wamelikataa, na jalalani watoto wanacheza. Jiji litutengee sehemu ya kuzipeleka, tafadhali.

Msomaji, Dodoma