Barua ya wazi kwa mjomba wangu kabla ya Kenya Open

Nairobi, Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Simu ya juzi ilikatika kabla hatujamaliza ubishi wetu, na kwa kuwa najua utawaambia wenzako wa barazani hapo Malindi kwamba mpwa wako alikimbia, nimeona heri niandike hoja yangu mahali ambapo kila mtu ataisoma, ili Jumapili jioni asiwepo wa kuruka maneno yake, si mimi wala wewe. Mashindano ya gofu ya Kenya Open yanaanza Alhamisi tarehe 20 katika uwanja wa Muthaiga na kumalizika tarehe 23, zawadi zikiwa jumla ya dola milioni 2.5. Wewe umesema atashinda mchezaji wa Afrika Kusini. Mimi nasema atashinda Mwingereza John Parry.

Hoja yako naijua na siidharau. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko unavyoruka huko kwenu pwani, kiasi kwamba mchezaji anayelenga bendera ya shimo iliyo mita 150 hulazimika kuchukua fimbo ambayo nyumbani kwao humfikisha mita 137 hivi. Aliyekulia Johannesburg, ambako mwinuko unakaribiana na wetu, hana hesabu mpya ya kufanya. Ndiyo maana unanitajia Trevor Immelman wa mwaka 2000, Haydn Porteous wa 2015 na Justin Harding wa 2021. Lakini tazama kilichotokea tangu mashindano haya yalipopandishwa daraja mwaka 2019 na kuingia katika ziara kuu ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa: ukiuacha mwaka 2020 ambao corona iliufuta, ameshinda Mtaliano Guido Migliozzi, kisha Harding, kisha Ashun Wu wa China, kisha Mhispania Jorge Campillo, na mwaka jana Mholanzi Darius van Driel, aliyemaliza kwa mikwaju 14 chini ya kiwango cha uwanja, na katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mmoja kati ya watano, Mjomba. Hesabu ya mwinuko hujifunzwa kati ya Jumatatu na Jumatano, na kedi mwerevu, yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, huiandika kijitabuni mwake ikawa imekwisha.

Kisichojifunzwa kwa siku tatu ni nyasi. Hili ulinifundisha wewe mwenyewe, uliyebeba mifuko ya fimbo ya wanachama wa klabu ujanani, siku ulipochuchumaa ukachomeka kidole katika nyasi za kikuyu na kunionyesha jinsi mashina yake manene yanavyotambaa na kusukana kama mkeka. Zikikatwa vizuri katikati ya njia ya kuchezea iendayo shimoni, huuinua mpira ukakaa kama umewekwa juu ya kigingi; zikiachwa zirefuke pembeni mwa grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, humeza mpira na kuishika shingo ya fimbo. Mwaka jana nilisimama nyuma ya kamba nikamwona mchezaji mmoja akiwa hatua sita tu kutoka kwenye grini; alipiga kwa nguvu kidogo mno, mpira ukasogea shubiri mbili, akaukodolea macho kana kwamba umemtukana. Alipoteza mikwaju miwili pale, naye alikuwa amepiga mbali kuliko wote katika kundi lake.

Hapo ndipo ninapomwona Parry. Alishinda katika ziara ya Ulaya mwaka 2010, halafu akapotea hivi kwamba wengi walilisahau jina lake, akarudi kujikongoja katika ziara ya daraja la pili, na Desemba iliyopita akashinda Mauritius Open, miaka 14 baada ya ushindi wa kwanza. Mtu aliyengoja miaka 14 hataharakisha mkwaju kwa sababu shimo moja limemwendea vibaya. Muthaiga, kwa maoni yangu, huwaadhibu wenye haraka kuliko inavyowaadhibu wasio na nguvu, na hata bingwa wa Hispania Seve Ballesteros alipotwaa kombe mwaka 1978, wewe ndiye uliyenisimulia kwamba waliomwona walizungumzia mikono yake karibu na grini kuliko umbali wa mipira yake.

Usinijibu kwamba Parry si jina kubwa. Mwaka jana Joe Dean, aliyekuwa akiendesha gari la kuwapelekea watu bidhaa za supamaketi nyumbani, alimaliza hapa katika nafasi ya pili pamoja na Nacho Elvira.

Kuhusu Wakenya sitakudanganya. Hakuna mwenzetu aliyewahi kulitwaa kombe hili tangu 1967, na Jacob Okello aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1998 bado ndiye tunayemtaja kila Februari kama marehemu anayetajwa matangani, ilhali yu hai. Ninamtarajia Njoroge Kibugu avuke mchujo wa Ijumaa, unaowaondoa walioachwa nyuma, kama alivyovuka mwaka 2023. Zaidi ya hapo ni mapenzi yanayosema.

Basi tuweke dau. Akishinda mtu wa Afrika Kusini, nitapanda treni hadi Mombasa na kuja mpaka Malindi na kilo tano za majani ya chai ya Kericho, niketi barazani nikisikiliza masimango yako mbele ya wenzako. Akishinda Parry, utanipa ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, yenye mshikio uliofungwa utepe mweusi, ambayo tangu utotoni hujaniruhusu hata kuigusa.

Ni mimi mpwa wako.