Jumamosi tunapima presha

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane saa tatu asubuhi badala ya saa nne, nesi anakuja kutupima presha kabla ya kikao. Naomba kila mmoja apimwe, hata anayejiona mzima kabisa. Presha ndiyo inayoongoza kuleta kiharusi, na mara nyingi haiumi popote. Mtu anatembea na 170/100 miaka na miaka huku mishipa ya ubongo ikichakaa, mpaka siku moja mshipa uzibe au upasuke. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo inahitaji daktari.

Mlioandikiwa dawa, nawasihi sana msiziache eti kwa kuwa kipimo kimeshuka. Kimeshushwa na hizo dawa.

Kisukari, sigara, pombe nyingi na unene navyo vinachangia. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye chipsi na samaki wa kukausha. Kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunasaidia.

Mkiona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, mkimbizeni hospitali kubwa papo hapo. Msimpe chakula wala maji, na msisingizie mashetani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, kwa hiyo shikeni saa dalili zilipoanza.

Wenye kadi za kliniki mje nazo, na wazazi wetu wanakaribishwa pia.