Bega la mpigaji na mwaka wa mwisho wa mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya wiki iliyopita kuhusu wachezaji wanaoshuka kiwango wakati mikataba yao inakaribia kwisha. Sehemu kubwa ya makala ile ilihusu soka letu, na mengi yaliyosemwa humo nayakubali. Lakini mwandishi, alipotafuta mfano wa mbali, alimtaja Adrián Beltré, mchezaji wa besiboli wa Jamhuri ya Dominika, akasema kwamba mtu huyo alicheza kwa bidii pale tu alipokuwa akiwinda mkataba, na kwamba majeraha yake ya mwaka 2009 yalikuwa kisingizio cha msimu mbaya. Hukumu hiyo haina haki, na kwa kuwa wasomaji wengi hapa Tanga hawaujui mchezo wenyewe, naona ni wajibu wangu kueleza kwa nini.

Mimi ni baharia mstaafu, mkazi wa Chumbageni. Besiboli niliijulia katika bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, nikiwa na wenzangu wawili wa Panama ambao hawakuweza kulala bila kujua matokeo ya siku. Tangu nilipotua mizigo yangu nyumbani sijaacha kuufuata mchezo huo, ingawa mechi inayoanza saa moja jioni Seattle hapa kwetu huanza saa kumi na moja alfajiri. Msomaji asiyeujua ashike mambo mawili tu. Kwanza, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila mara 10 anahesabiwa kuwa hodari, kwa hiyo wastani huandikwa kwa desimali, kama 0.300. Pili, mpigo wenye thamani kuliko yote ni ule unaouvusha mpira juu ya uzio wa uwanja, na huo hautaki jicho peke yake, unataka nguvu ya mwili mzima.

Nianze na hesabu ya mikataba, maana hoja ya mwandishi imesimama juu yake. Mwaka 2004 Beltré alikuwa na Dodgers wa Los Angeles, mkataba ukiisha, akavusha uzio mara 48 kwa wastani wa 0.334. Baada ya hapo Mariners wa Seattle wakampa dola milioni 64 kwa miaka 5, na ni kweli kwamba kule Seattle hakuufikia tena msimu ule. Mwaka 2010, akiwa na Boston kwa mkataba wa mwaka mmoja, alipiga 0.321 na kuvusha uzio mara 28. Ukiiweka miaka hiyo miwili kando ya ile mitano ya Seattle, unapata hadithi ya mtu anayeamka wakati wa kusaini na kulala baada ya kulipwa.

Hadithi hiyo imeuruka mwaka mmoja. Mkataba wa Seattle ulikwisha mwaka 2009, na mwaka huo ndio uliokuwa mbaya kuliko yote aliyocheza kule: mechi 111, mipigo 8 tu ya kuvusha uzio. Kama fedha ndiyo iliyomwamsha Beltré mwaka 2004 na 2010, ilimwacha vipi amelala mwaka 2009, wakati alikuwa na umri wa miaka 30 na mkataba uliokuwa mbele yake ulikuwa wa kuamua maisha yake yote ya uwanjani? Mtu hawezi kuitwa mwindaji wa mikataba kwa miaka miwili aliyofanikiwa, kisha mwaka wa tatu, ambao nao ulikuwa wa kuwinda, ukafichwa chini ya mkeka.

Sasa nije kwenye majeraha. Katikati ya msimu wa 2009 Beltré alipasuliwa bega la kushoto ili kuondolewa vijifupa vilivyoota kwenye kiungo. Alirudi mwezi Agosti, na siku chache baadaye mpira uliodunda vibaya ukampiga sehemu za siri katika mechi iliyokwenda hadi raundi ya 14, badala ya 9 za kawaida. Aliicheza mechi ile hadi mwisho, kisha akalazimika kukaa nje tena hadi Septemba. Wapo wanaosema kwamba upungufu wa mipigo unatokana tu na mechi alizozikosa, lakini hesabu hiyo haifiki. Mwaka 2008 alicheza mechi 143 na kuvusha uzio mara 25. Ukiichukua kasi yake ya mwaka 2009 na kumpa mechi zote 143, angefika 10 tu. Kwa hiyo hata siku alizokuwa uwanjani hakuwa mtu yule yule.

Hapa ndipo penye ushahidi ambao naomba mwandishi wenu autazame kwa utulivu. Wastani wa Beltré mwaka 2008 ulikuwa 0.266, na mwaka 2009 ulikuwa 0.265. Haukubadilika. Mtu aliyekata tamaa, au anayecheza huku moyo wake umeshahamia klabu nyingine, huonekana kwanza kwenye jicho: hufukuzia mipira asiyostahili kuifukuzia, hukosa ile anayostahili kuipata, na wastani wake huporomoka. Beltré aliendelea kuupata mpira kama zamani. Kilichokwisha ni umbali wa mpira ule. Ulitua ndani ya uwanja mahali ambapo mwaka uliotangulia ungetua nje ya uzio.

Kwa nini umbali, na kwa nini bega la kushoto? Beltré alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia, maana yake bega lake la kushoto ndilo lililotangulia, lililomtazama mrushaji. Nguvu hutoka miguuni, hupanda kiunoni, na bega la mbele ndilo linalofunguka na kulivuta gongo lipite mbele ya kifua kwa kasi. Likiuma, mwili wenyewe hulipunguzia kazi bila mwenyewe kuamua. Mikono inaweza bado kulifikisha gongo kwenye mpira, lakini lile pigo la mwisho linalourusha mpira mbali halipo. Jambo hili silisemi kwa kusoma tu. Nilipokuwa melini niliumia bega la mbele nikivuta kamba ya kufungia gatini, na kwa miezi niliyofanya kazi na maumivu yale niliweza kushika kamba, kuielekeza na kuifunga kama kawaida, ila kila ilipofika hatua ya kuvuta kwa nguvu zote mkono ulikataa.

Niseme na jambo jingine la siku zile, kwa sababu linahusu neno kisingizio. Niliumia mwezi wa saba wa mkataba wa miezi tisa, na sikumwambia mtu. Kila baharia anajua kwamba karatasi ya daktari hutangulia jina lake kwenye ofisi ya mwajiri, na mtu anayetaka kuitwa tena humaliza safari akiwa mzima, au akionekana mzima. Kwenye taarifa yangu ya mwisho iliandikwa kwamba nimekuwa mzito kazini, na kampuni hiyo haikuniita tena. Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba mkataba unapokaribia kwisha mtu ana kila sababu ya kuficha jeraha kuliko kulitangaza. Mchezaji atakayesema bega linamuuma miezi minne kabla ya kuwa huru anajishushia bei mwenyewe. Anayeyaita majeraha ya mwaka kama huo kisingizio anapaswa kwanza kutueleza mchezaji angefaidika nini nayo.

Sitaki kudai zaidi ya ninachoweza kukithibitisha. Majeraha hayaelezi kila kitu katika maisha ya Beltré. Ule msimu wake mkubwa wa 2004 aliucheza akiwa na vijifupa kwenye kifundo cha mguu, na mwaka 2008 alicheza huku kano ya kidole gumba cha kushoto imechanika, akamaliza na mipigo 25 na tuzo ya Gold Glove kwa ulinzi wake kwenye kituo cha tatu. Ni wazi kwamba kuumia peke yake hakutoshi kumwangusha mtu. Inategemea kiungo gani kimeumia na kazi gani kinafanya. Tena uwanja wa Seattle wa wakati ule ulikuwa adui wa wapigaji wa mkono wa kulia, kwani uzio wa upande wao ulikuwa mbali na hewa ya baharini ni nzito, hata klabu ikausogeza uzio huo ndani kabla ya msimu wa 2013. Boston kuna ukuta wa kushoto wenye urefu wa futi 37, ulio karibu sana na mpigaji, na huo bila shaka ulimsaidia mwaka 2010. Lakini uwanja wa Seattle ulikuwa ule ule mwaka 2006, 2007 na 2008, na katika kila mmoja wa miaka hiyo alivusha uzio mara 25 au 26. Uwanja unaeleza kwa nini hakufika tena 48. Hauelezi kwa nini alishuka kutoka 25 hadi 8.

Kuna mfano wa karibu zaidi unaofanana na huu hata kwenye kiungo chenyewe. Cody Bellinger wa Dodgers alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2019, akiwa na mipigo 47 ya kuvusha uzio. Oktoba 2020 bega lake la kulia liliteguka wakati akishangilia na mwenzake, akapasuliwa. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo bega la kulia ndilo bega lake la mbele. Mwaka 2021 wastani wake ulianguka hadi 0.165, mwaka uliofuata ukawa 0.210, na mwishoni mwa 2022 klabu ikamwachia. Huyu tofauti na Beltré alipoteza hata wastani, na aliendelea kuupoteza mwaka mzima baada ya mwaka wa kupona. Nadhani mwili ulikuwa umejifunza kupiga kwa kulikwepa bega, na mazoea hayo yalibaki hata maumivu yalipoondoka. Cubs wa Chicago walimpa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 17.5, na mwaka 2023 akapiga 0.307 na kuvusha uzio mara 26. Waliomhukumu kwa jumla ya msimu mmoja au miwili walimkosa.

Kuhusu Beltré, kilichofuata Boston kinaumaliza mjadala. Januari 2011 Rangers wa Texas walimpa miaka 5 na dola milioni 80. Kwa hoja ya mwandishi wenu, hapo ndipo alipopaswa kulala. Mwaka 2011 alivusha uzio mara 32, mwaka 2012 mara 36, mwaka 2013 mara 30. Alicheza hadi 2018, akafikisha mapigo 3,166 yaliyofanikiwa, ya kila aina, na mwaka 2024 akaingizwa katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown.

Limeniuma jambo hili la nchi ya mbali kwa sababu nimeliona likitendeka katika uwanja wetu wa soka wa Mkwakwani. Misimu michache iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, winga, alikuwa katika miezi sita ya mwisho ya mkataba wake, kipindi ambacho kanuni zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine. Krosi zake zilikuwa zile zile nzuri, zikitua kichwani kwa mshambuliaji, lakini mbio zilikuwa zimekwisha. Akifika sambamba na beki alirudisha mpira nyuma badala ya kumpita. Jukwaani kelele ilikuwa moja: ameshakula hela za watu, ameshauza mechi moyoni, hana haja na sisi tena. Nilikaa miongoni mwao, na najuta kwamba nilinyamaza. Msuli wa nyuma ya paja lake ulikuwa umechanika tangu raundi ya kwanza, na mama yake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto usiku ili asubuhi aweze kwenda mazoezini. Klabu yake, ambayo sitaitaja, haikumwongezea mkataba, na hakuna nyingine iliyomchukua, kwa kuwa habari iliyosambaa ilikuwa ya usaliti. Habari ya msuli haikuandikwa na mtu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, Mhariri. Sentensi ile kuhusu Beltré isahihishwe, kwa kuwa takwimu zake mwenyewe zinaikanusha. Na dirisha la usajili likifunguliwa, waandishi wako wanapomwandika mchezaji aliyeshuka katika mwaka wake wa mwisho, wamweleze msomaji amecheza mechi ngapi, ameumia wapi, na ni kazi gani hasa iliyopungua: mbio, nguvu, au kuuona mpira. Daktari wa timu yupo, mchezaji mwenyewe yupo, na kutoka ofisi nyingi za magazeti hadi uwanja wa mazoezi ni mwendo wa bajaji moja.

Msomaji wenu,
Baharia mstaafu,
Chumbageni, Tanga.