Kupima mafuta ya sili si upuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Wiki mbili zilizopita mlichapa picha ya watu watatu ufukweni wakimpima sili, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha watoto wake, akiwa amening'inizwa kwenye wavu, na chini yake mkaandika kwamba Ulaya watu wamekosa kazi hadi wanapima unene wa wanyama wa baharini. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31, mingi kati ya hiyo kliniki ya watoto, na maelezo yale yameniumiza.

Niseme kwanza kwa nini. Mwaka wangu wa nne kazini, mama mmoja kutoka mashambani alimleta mwanawe wa mwaka mmoja na miezi kumi. Nilimvisha ile kaptula ya kupimia, nikamtundika kwenye mizani, na kilo zilikuwa zimepanda kuliko mwezi uliotangulia. Nukta niliyoiweka kwenye kadi iliangukia kwenye kijani. Nikampongeza mama, akaenda zake. Siku ya tisa alirudi naye mgongoni, uso umemvimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Nilimbonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, nikakiondoa, shimo likabaki pale pale. Ulikuwa unyafuzi. Zile kilo nilizozifurahia zilikuwa maji. Mtoto alilazwa wiki tano na akapona, lakini kile kishimo kwenye unyayo wake nakiona mpaka leo.

Sasa nije kwa sili. Novemba 2022 nilikuwa Uingereza kwa binti yangu, anayefanya kazi ya uuguzi mkoa wa Lincolnshire. Alinipeleka Donna Nook, pwani ya Bahari ya Kaskazini, ambako sili wa kijivu hupanda nchi kavu kila mwaka mwishoni mwa vuli kuzaa. Wageni husimama nyuma ya uzio chini ya vichuguu vya mchanga. Kuna matope, upepo unakata masikio, na sauti za watoto wa sili ni za kichanga hasa. Nilishtuka nikageuka nikitafuta ni mtoto wa nani analia.

Hatua tano kutoka nilipo alikuwapo aliyezaliwa karibuni, kitovu bado chekundu, manyoya meupe yenye umanjano, ngozi imekunjamana shingoni na mbavuni kama aliyevishwa nguo ya kaka yake. Mbele kidogo alilala mwingine wa wiki mbili na zaidi, mviringo kama pipa, shingo haionekani. Huzaliwa na kilo kama 14, na kwa siku 18 hivi za kunyonya huongezeka karibu kilo 2 kila siku. Maziwa ya mama yake hufikia mafuta asilimia 60. Ya ng'ombe wetu ni kama 4. Na mama huyo muda wote huo hali kitu. Anayatoa mafuta yaliyo chini ya ngozi yake, na hupungua kama kilo 4 kwa siku. Nilimwona mmoja aliyekaribia kumaliza, mifupa ya nyonga imechomoza. Kisha siku moja hurudi baharini na kumwacha mtoto, ambaye naye atakaa wiki kadhaa bila kula, akiishi kwa akiba ile ile, mpaka ajifunze kuwinda mwenyewe. Anayeachishwa amekonda, matumaini yake ya kumaliza mwaka wa kwanza ni madogo.

Kwa hiyo swali la watafiti si kilo ngapi. Ni katika kilo hizo, mafuta ni mangapi na nyama ni ngapi. Sili wawili wanaweza kulingana kwenye mizani, mmoja ana akiba ya mwezi mzima na mwingine hana.

Njia mojawapo ni hii. Baada ya kumpima uzito na kumtoa damu kidogo, humchoma sindano ya maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito iitwayo deuteri, ambayo haina mionzi. Kiasi chake kimepimwa kwa makini. Husubiri saa kadhaa yasambae mwilini, kisha hutoa damu tena. Ukitia kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria usiyoijua ujazo wake, ukakoroga na kuonja, ukali wa chumvi utakuambia maji ni mengi au machache. Ndivyo wanavyojua sili ana maji kilo ngapi. Na kwa kuwa nyama na viungo vyake ni maji kwa kama asilimia 73, na mafuta karibu hayana maji, iliyobaki ni hesabu. Tuseme ana kilo 150 na maji yake ni kilo 75. Gawa 75 kwa 0.73, unapata nyama na viungo kama kilo 103. Kilo 47 zinazobaki ni mafuta, kwa makadirio. Mwaka 1990 watafiti wawili, Reilly na Fedak, walichapisha milinganyo ya kazi hii kwa sili hawa hawa wa kijivu.

Njia nyingine ni altrasaundi, ile ile tunayowapimia wajawazito. Hupima unene wa tabaka la mafuta sehemu mbalimbali kuanzia shingoni hadi mkiani, na mzingo wa mwili hapo hapo, kisha mwili hukokotolewa kama ndoo zilizopangwa mstari, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Wapo wasemao kumkamata mnyama ni kumtesa. Hoja hiyo naikubali, na naona watafiti nao wanaikubali, maana siku hizi wengine hupiga picha kwa droni na kukadiria umbo bila kumgusa. Iliyonishangaza zaidi ni ya sili tembo, wale wakubwa sana. Wakiwa safarini baharini, kuna mbizi ambazo huacha kuogelea na kujiachia tu. Kifaa kilichobandikwa mwilini hurekodi mwendo huo. Aliyekonda huzama upesi. Kadiri anavyonenepa huzama polepole, mpaka mwingine huanza kuelea kuelekea juu. Mtu aliye ofisini anaweza kujua mnyama amepata chakula sehemu gani ya bahari, kwa kasi ya kuzama kwake tu.

Na msiseme hayatuhusu. Maji hayo mazito hutumika kwa binadamu. Akina mama wanaonyonyesha wa jamii ya wafugaji wa Pokot, nchini Kenya, walipimwa kwa njia hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Mama hunywa kipimo kidogo, kisha mate yake na ya mtoto huchukuliwa kwa siku kadhaa. Hapo hujulikana mwili wa mama una akiba gani, na mtoto anapata maziwa kiasi gani kwa siku, jambo ambalo miaka yangu yote nililijua kwa kumuuliza mama tu, naye akijibu kwa kukisia.

Naomba mrudie ile picha na mwandike kilichokuwa kikifanyika pale. Nami ninazo picha nilizopiga Donna Nook, ya yule mwenye ngozi ya mikunjo na ya yule aliye kama pipa. Mkizitaka nitampa mjukuu wangu awatumie.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga