Kwa mdogo wangu uliyesema nimekubania

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa. Ulinisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu.

Siku tuliyomzika mama mkubwa pale Kibosho, wazee wakiwa bado chini ya turubai, ulisimama ukasema nina Arusha nzima kwenye simu lakini ndugu yangu namwacha alale njaa. Mama yako aliinamisha kichwa. Baba mdogo akaweka sahani chini, hakula tena. Siwezi kulisahau hilo, maana ulijua si kweli.

Namba ya yule mzee mwenye kampuni ya kupandisha watalii Kilimanjaro ulipewa na nani? Alikwambia uje Aprili, masika, uoshe mahema na kupanga magodoro stoo. Ukaona umedharauliwa, hukwenda. Lakini Aprili wageni ni wachache. Ndipo mzee anapata muda wa kukaa na mtu amjue. Julai hata salamu anaitikia huku anakimbia.

Wewe ukisema koneksheni unamaanisha namba ya simu. Kiongozi wa msafara akipata safari ya ghafla, usiku huohuo anawapigia wagumu, wabeba mizigo wa mlimani, anaowakumbuka: yule aliyefikisha mzigo kambi ya Barafu ukiwa mkavu, yule asiyegombana kambini. Haulizi ukoo. Mimi nimebeba mizigo njia ya Machame kabla ya kukaa ofisini, na aliyenitaja kwa mzee ni mpishi tu, tulipanda naye msimu mmoja. Msomi wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika hili mwaka 1973: wengi waliopata kazi kwa kujuana walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara chache. Sasa kosa langu kuwa ndugu yako liko wapi?

Na kichwa unacho. Kifaransa chako mimi sikifikii hata robo, na ulipomaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka nililia kwa furaha. Chuo kile kinafundisha tangu 1963, waliokutangulia wamejaa TANAPA, kwenye hifadhi za taifa, na Ngorongoro. Umewahi kumpigia hata mmoja kumsalimia tu, bila kuomba kitu?

Juni kuna Karibu-Kilifair, maonyesho ya utalii. Kiingilio nitakulipia, nguo za kuvaa nitakununulia. Ila mzee sitamwambia wewe ni ndugu yangu mpaka aone kazi yako kwanza. Na kabla hujaja, nenda kwa baba mdogo umweleze habari ya ile Aprili. Umweleze yote.

Kaka yako