Barua ya wazi kwa Afisa Mkuu wa Afya ya Umma, Kaunti ya Mombasa: chanzo cha kuvu kikaguliwe kabla ya rangi

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mpangaji wa nyumba ya vyumba viwili, orofa ya chini, hapa kisiwani. Masika yaliyopita nilisogeza kabati la watoto nikakuta lipu imevimba hadi usawa wa goti, juu yake pana unga mweupe wa chumvi, na viatu vya shule vya binti yangu vimeota kuvu ya kijani. Mwenye nyumba nilipompigia simu alisema kosa ni langu, kwamba sifungui madirisha. Akatuma fundi, fundi akapaka rangi, na kabla ya mwezi kwisha kuvu ikarudi palepale.

Fundi yeyote mkweli atakueleza kwamba ukuta wenyewe huonyesha maji yanakotoka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa kuwa msingi haukuwekwa karatasi ya kuzuia maji, huanzia chini na kuacha chumvi; doa linalotanuka darini, chini ya bafu la jirani wa juu, aghalabu ni bomba linalovuja; nukta nyeusi zinazotapakaa pembeni na nyuma ya samani, lipu ikiwa nzima, mara nyingi ni mvuke wa kupikia, kuoga na nguo zilizoanikwa ndani. Hayo mawili ya kwanza hayaondoki kwa kufungua dirisha. La tatu ni letu wapangaji, nami nalikubali bila kinyongo: tufungue madirisha, tuanike nje, na tutoe taarifa siku tunapoliona doa, si miezi sita baadaye. Hata hivyo, dirisha langu la chumbani linatazama ukuta wa jengo jirani, na nikinyoosha mkono naugusa. Hewa ipite wapi?

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu mkataba unapoanza na muda wote wa mkataba, na kifungu kinachofuata kinamtaka mpangaji aitunze, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakupa wewe uwezo wa kutoa ilani ya kuondoa kero inayohatarisha afya, na kero hiyo ikitokana na kasoro ya ujenzi, ilani hupelekewa mwenye jengo. Nimekuja kwako kwa sababu baraza linalosikiliza kesi za wapangaji hushughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho familia nyingi mjini zilikipita zamani.

Jambo hili si la urembo wa ukuta. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu nyumbani na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kisheria ukathibitisha kwamba kuvu ya nyumba waliyopanga ndiyo iliyomdhuru. Wazazi wake walikuwa wameambiwa wapake rangi. Tangu Oktoba 2025, wenye nyumba za jamii, yaani zinazopangishwa kwa kodi nafuu, nchini humo wanatakiwa kuchunguza malalamiko mazito ya unyevu ndani ya siku 10 za kazi.

Ninachoomba ni kimoja: mpangaji anapolalamikia kuvu, afisa wako aukague ukuta kabla haujapakwa rangi, aandike chanzo chake, na mpangaji na mwenye nyumba kila mmoja apewe nakala. Bila karatasi hiyo, siku ya kuhama dipoziti hukatwa kwa ukuta ulioharibiwa na maji ya ardhini, na mpangaji hana cha kuonyesha. Likionekana kosa ni langu, nitalipa. Nimekwisha mwandikia mwenye nyumba kwamba siku yoyote utakayomtuma afisa, kabati litakuwa limesogezwa.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Mombasa